Nyimbo za Miaka ya Themanini Zihesabiwe kwa Tunzo

Orodha za nyimbo bora za miaka ya themanini nchini Kenya hazitofautiani sana. Utakuta "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya 1982, utakuta Les Wanyika na "Sina Makosa", utakuta Samba Mapangala na Orchestra Virunga, kisha mtungaji wa orodha anamuingiza na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, muongo wenyewe haujaanza. Sizikatai nyimbo hizo. Lakini mpe orodha hiyo mtu wa Langoni mjini Lamu aliyeoa mwaka 1985, au mama wa Shela ya Malindi aliyekuwa mwari wakati huo huo. Atakubali kwamba zote alizisikia. Ukimtaka akutajie wimbo uliokuwa wake, atakwenda kwenye taarab, na huenda asitaje jina la wimbo hata kidogo. Atataja harusi: ile kaseti ya harusi ya fulani, upande wa pili, pale mwanzo mwanzo.

Jibu hilo ndilo linalovunja orodha za kawaida. Waandishi wengi hupima wimbo wa muongo kwa mauzo, kwa marudio ya redioni, au siku hizi kwa idadi ya waliousikiliza kwenye intaneti. Kwa pwani ya kaskazini vipimo hivyo havishiki kitu. Wimbo uliopendwa Lamu na Malindi miaka ile ulinaswa harusini, ukanakiliwa dukani, ukapita mkono kwa mkono, na hakuna daftari lililoandika kaseti ngapi zilitoka. Kipimo tulicho nacho kimo ndani ya kaseti zenyewe, nacho ni tunzo, yaani pesa anayopewa mwimbaji mbele za watu katikati ya wimbo. Palipotunzwa, mwimbaji alirudia. Marudio yamo kwenye utepe mpaka leo, yanahesabika.

Kwanza tuone kwa nini kaseti, si santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 inachukua dakika tatu hadi tano kila upande. Wimbo wa taarab harusini unakwenda dakika kumi, kumi na tano, na ukitunzwa sana unapita hapo. Studio ilipoutaka wimbo wa namna hiyo kwenye santuri, ilibidi ukatwe katikati, sehemu ya kwanza huku na ya pili kule, au beti zipunguzwe. Kaseti ya C60 ina dakika 30 kila upande, karibu mita 86 za utepe unaokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Ndani yake zinakaa nyimbo mbili tatu zikiwa kamili, pamoja na vicheko, vigelegele, na mtu anayeita mtoto arudishe kiti. Kwa muziki unaotegemea waliohudhuria, tofauti hiyo ni kubwa mno. Santuri ilihifadhi tungo. Kaseti ilihifadhi tungo na waliojibu.

Majina mawili ndiyo yatakayojaza nusu ya orodha yoyote ya kweli ya huku, na yote mawili ni ya watoto wa pwani ya kaskazini waliojenga jina Mombasa. Zein l'Abdin ni mzaliwa wa Lamu, mpigaji udi. Mohamed Khamis Juma Bhalo ni mzaliwa wa Malindi, 1942, aliyeacha kuimba hadharani 2007 na kufariki 2014. Watu hupenda kuwashindanisha, na ushindani huo ni wa kale kuliko wanaoushindania leo. Lenye faida ni kuangalia walivyotofautiana katika namna ya kumpa msikilizaji nafasi ya kuingia. Zein alikuwa na udi wake na lahani zenye asili ya Kiarabu zilizokaa muda mrefu Lamu, pamoja na tungo za washairi wa lugha nzito, akiwemo Ahmed Sheikh Nabhany. Msikilizaji wake hulazimika kutega sikio. Neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, likimpita, ubeti umempita. Juma Bhalo alichukua lahani za filamu za Kihindi, akazivika ushairi wa Kiswahili, mwingi wake wa jamaa yake Ahmad Nassir, akasindikizwa na hamonia na tabla. Lahani watu walikwisha kuijua kutoka sinema, kwa hiyo masikio yote yalibaki kwenye maneno. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kaseti za Bhalo huonyesha tunzo mapema zaidi ndani ya wimbo, ilhali za Zein mara nyingi hungojea ubeti wa tatu au wa nne, watu wakishafumbua anaelekea wapi.

Tunzo lenyewe lina utaratibu, na asiyeujua atahesabu vibaya. Ala hutangulia. Mwimbaji huingia na ubeti, hufuata kiitikio, ala hucheza tena, kisha ubeti mwingine. Anayetaka kutunza hanyanyuki wimbo unapoanza, maana hapo angekuwa anamlipa mwimbaji tu. Anangoja mshororo wake. Ukifika, anainuka mbele za watu, anakwenda mpaka kwa mwimbaji na noti mkononi, taratibu, ili kila mtu aone ni nani na ni kwenye neno gani. Kwa kitendo hicho anasema moja kati ya mambo mawili: neno hili ni langu, au neno hili ni lako wewe uliyekaa pale. Mwimbaji akishapokea, aghalabu huurudia mshororo ule, mara nyingine akimgeukia mtunzaji. Ikitokea mtu wa pili akainuka kwenye mshororo ule ule, hasa wa upande wa pili wa ugomvi, hapo kaseti ndipo inaponoga.

Hili linaeleza pia kwa nini maana ya wimbo wa taarab kwa mtu binafsi haielezeki kwa kuuliza ulihusu nini. Mashairi haya hutungwa kwa mafumbo makusudi, na mengi yalitungwa kwa kisa cha mtu aliyekwenda kwa mshairi akaeleza yaliyomsibu. Mshairi huondoa majina, huweka mti, ndege, chombo au pete, na kwa kuondoa majina anawaachia mlango wengine. Chukua ubeti huu, uliotungwa hapa kwa mfano tu:

Mti nalipanda mimi, kivuli wakaa wao,
Maji nayateka mimi, kata washishie wao,
Mwenye kujua ni mimi, na wajuao ni wao.

Mishororo mitatu, mizani 16 kila mmoja, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Mke wa kwanza anaweza kuinuka kwenye mshororo wa kwanza na kila mtu akaelewa. Ndugu aliyelima shamba la minazi likaenda kwa wengine katika mirathi ataungoja wa pili. Mshororo wa tatu ni wa hatari, kwa sababu hauna kitu cha kushika: yeyote mwenye siri na mtu pale uwanjani anaweza kuuchukua, na wa kwanza kuinuka ndiye anayeamua usiku ule ubeti unamhusu nani. Wimbo mmoja, harusi tatu, maana tatu. Anayeandika kwamba wimbo huo "unahusu usaliti" hajakosea, ila bado hajasema kitu.

Sasa kazi yenyewe. Mtu akitaka kutengeneza orodha ya muongo kwa njia hii, jambo la kwanza ni kujua kaseti aliyonayo ni ya lini, na hapo ndipo wengi hukwama kwa kuamini mwandiko wa jalada. Majalada hubadilishana. Gamba la kaseti lililovunjika hubadilishwa, utepe wa 1983 ukaingia kwenye gamba lililonunuliwa 1991. Gamba linakuambia mwaka wa gamba. Jalada likiandikwa tarehe ya Kiislamu, hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu mwaka 1400 wa Hijra ulianza Novemba 1979 na mwaka 1410 ukaanza Agosti 1989. Muongo wote wa themanini, ukiondoa miezi ya mwisho, umo katika miaka kumi ya Hijra inayoanza na 1400. Ukiona 1404 huna haja ya kubahatisha.

Mara nyingi utakuta mwezi tu bila mwaka. Tuseme imeandikwa Mfungo Mosi, mwezi ambao harusi hufululiza baada ya Ramadhani. Mwaka 1980 Mfungo Mosi uliangukia Agosti. Kufikia 1989 ulikuwa umerudi nyuma mpaka Mei. Mei ni masika, mvua ya kweli. Kwa hiyo kaseti ya Mfungo Mosi ambayo ndani yake mvua inapiga bati, watu wakihamishwa uani kuingia ndani, ina uwezekano mkubwa zaidi kuwa ya mwisho wa muongo kuliko ya mwanzo. Si ushahidi wa kutosha peke yake, maana mvua ya Agosti nayo hunyesha pwani. Unaongeza mengine. Kama mwisho wa utepe kuna kipande cha redio kilichobaki kutoka matumizi ya zamani na mtangazaji anataja Sauti ya Kenya, utepe ulikwishakuwepo kabla ya 1989, mwaka shirika lilipokuwa KBC; harusi iliyonaswa juu yake inaweza kuwa ya baadaye. Kama mtu anasikika akitaja noti ya mia mbili, harusi hiyo si ya kabla ya 1986. Noti ya mia tano, si kabla ya 1988. Watu wa harusini hutaja pesa mara nyingi kuliko wanavyotaja tarehe.

Jambo la pili ni kuisikiliza bila kuiua. Kaseti iliyokaa kwenye kabati Lamu au Malindi miaka arobaini imekula unyevu na chumvi. Iangalie kwanza kupitia kidirisha: ukiona vidoa vyeupe kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu, usiitie kwenye mashine, kwani utaichafua mashine na kaseti zote zitakazofuata. Angalia kile kisponji kidogo kilichokaa juu ya kibati chembamba katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake hukauka, kisponji huanguka, na bila hicho utepe haugusi kichwa cha mashine sawasawa; sauti hutoka imezibwa, sauti nyembamba zinapotea, udi unasikika kama unapigwa chumba cha pili. Watu hudhani kanda imechakaa kumbe ni kisponji. Hamisha utepe kwenye gamba jingine zima la skrubu na sauti inarudi.

Unene wa utepe nao una neno. C60 ina takriban mikroni 18, C90 ina 12, C120 ina 9. Walionasa harusi nzima kwenye C120 ili wasigeuze kanda katikati ya wimbo walifikiri vizuri siku ile, lakini hizo ndizo zinazonasa na kumezwa na mashine leo. Ziendeshe mbele mpaka mwisho na kuzirudisha nyuma mara moja, polepole, ikiwezekana kwa penseli, kabla ya kuzicheza. Kichwa cha mashine na mpira unaovuta utepe visafishwe kwa pamba na spiriti safi kila baada ya kaseti chache. Kisha kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa ambayo wengi hawaigusi: hiyo inapanga pembe ya kichwa. Kaseti ilinaswa kwenye mashine yenye pembe yake, na yako ina yake. Igeuze kidogo kidogo huku ukisikiliza tari au kelele za vigelegele mpaka ziwe kali kabisa. Hapo ndipo utaanza kusikia maneno yanayosemwa pembeni, na maneno ya pembeni ndiyo tunayoyatafuta.

Kasi ni tatizo lililo gumu zaidi kuliko hayo yote. Tepurekoda nyingi ziliendeshwa kwa mawe, yaani betri, na mawe yalipoanza kuchoka injini ilipunguza mwendo. Utepe ulionaswa kwa mwendo wa chini, ukichezwa kwa mwendo sahihi, hutoka kwa haraka na sauti inapanda juu. Ukiona mwimbaji anaanza usiku na sauti yake na kumaliza alfajiri na sauti ya kijana, usimsifu, yalikuwa mawe. Tofauti ya asilimia sita hivi ni nusu toni nzima. Kwa kaseti za Bhalo kuna msaada: hamonia haibadilishi sauti usiku mmoja. Pima noti moja ya hamonia mwanzo wa kaseti na noti hiyo hiyo mwisho, urekebishe kwa tofauti hiyo. Kwa Zein huna msaada huo, kwa sababu udi hukazwa kufuata sauti ya mwimbaji na unyevu wa usiku, na hukazwa tena kati ya nyimbo. Hapo tafuta mvumo wa stima chini kabisa ya sauti. Umeme wetu ni wa hezi 50. Kama ampli ilikuwa kwenye umeme na mvumo unasomeka 53, kaseti inakwenda kasi kwa asilimia sita. Tahadhari ni moja: kama umeme ulitoka kwenye jenereta ya kukodi, mvumo wenyewe ulikuwa unayumba, na huwezi kuuamini kuliko masikio yako.

Ukinakili kwenye kompyuta, nakili faili isiyobanwa ya WAV, hezi 48,000, biti 24. Saa moja inachukua karibu gigabaiti moja, si kitu siku hizi. Usinase kwa simu iliyowekwa mbele ya spika, na usiikubali faili iliyokwishapita WhatsApp kama asili. Na tafadhali usiondoe kelele. Programu za kusafisha sauti huona vigelegele kama uchafu, huvifuta, na kwa kuvifuta zinafuta ushahidi wa tunzo. Nimesikia nakala zilizosafishwa ambazo zinapendeza na hazina faida yoyote.

Kuhesabu kwenyewe si kugumu, kunataka subira. Andika beti zote kwa mpangilio. Kisha sikiliza tena ukiweka alama kila mshororo unaporudiwa. Nyimbo nyingi za taarab huimba kila mshororo mara mbili kwa umbo lake tu, na hilo ndilo kosa la anayeanza: anahesabu marudio ya umbo kama marudio ya tunzo. Chukua ubeti ambao hakuna aliyeinuka, uone mshororo unaimbwa mara ngapi, hicho ndicho kiwango. Kama kiwango ni mara mbili na mshororo wa pili wa ubeti wa tatu umeimbwa mara sita, ziada ni nne. Hizo nne ndizo watu. Dalili nyingine za kuthibitisha: ala zinajaza nafasi kwa muda mrefu kuliko kawaida kabla ya mwimbaji kurudi, vigelegele vinaanzia upande mmoja, au sauti ya mwimbaji inapungua kwa muda mfupi kwa sababu ameligeuzia uso jambo lililo mbali na maiki.

Fanya hivyo kwa kaseti tatu za wimbo mmoja kutoka harusi tatu tofauti. Mshororo uliopata ziada katika zote tatu ndio uliobeba muongo. Ulioipata katika harusi moja tu ulibeba kisa cha nyumba ile, nao una nafasi yake lakini si nafasi ile ile. Hapa ndipo njia hii inapoishinda hesabu ya redio: inakuonyesha wimbo uliopendwa, na zaidi ya hapo inakuonyesha neno lililopendwa ndani ya wimbo. Mara nyingi si kiitikio. Kiitikio huimbwa na wote, kwa hiyo hakuna anayeweza kukidai kuwa chake.

Njia hii ina mapengo, tena makubwa. Upande wa kaseti huisha dakika ya 30 bila kujali ubeti, na kugeuza kanda kunachukua muda. Beti za mwisho za wimbo wa pili au wa tatu hupotea, hivyo tunzo za mwisho huhesabiwa pungufu siku zote. Nakala za dukani ni mbaya zaidi. Mwenye duka aliyetaka nyimbo tano ziingie kwenye C60 alikata marudio, maana kwake yalikuwa urefu wa bure. Kaseti iliyouzwa vizuri, basi, ndiyo iliyopoteza ushahidi zaidi, na ukiona wimbo mashuhuri hauna ziada hata moja, ulizia kwanza kama nakala ni ya dukani. Maiki nayo ilikaa upande wa wanaume au karibu na spika, na kilichotokea upande wa wanawake kinasikika kwa mbali au hakisikiki kabisa, ilhali katika harusi zetu upande huo ndio uliokuwa na mengi ya kusema. Kaseti zilizonaswa na wanawake wenyewe zipo, zimefungiwa masandukuni, na wenyewe hawazitoi ovyo. Mwisho, waliokuwa na uwezo wa kumwita mwimbaji kutoka Mombasa walikuwa wachache. Harusi za Matondoni, Siyu au vijiji vya nyuma ya Malindi zilikuwa na ngoma za vugo, kirumbizi na chakacha zaidi kuliko udi. Orodha ya tunzo ni orodha ya miji na ya nyumba zilizojiweza, na iandikwe hivyo waziwazi.

Kuna na rekodi za studio zinazopatikana kwa urahisi. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Zein, Mtindo wa Mombasa, na ya Maulidi Juma iitwayo Mombasa Wedding Special. Sauti ni safi, ala zimepangika, na mtu asiyewahi kumsikia Zein aanzie hapo bila wasiwasi. Kwa orodha ya muongo zina kazi nyingine: zinakupa wimbo usio na tunzo, yaani kiwango. Ukiwa na mshororo uleule studio na harusini, tofauti kati yake ni harusi yenyewe.

Na "Jambo Bwana"? Malindi siwezi kuuacha nje. Ulikuwa wimbo wa hoteli, wimbo wa kumpokea mgeni, na kwa waliofanya kazi ufukweni muongo ule ulikuwa sehemu ya kazi kama sare na sinia. Wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo. Mimi naona ndiyo sababu ya kuuweka. Ila uwekwe kwenye safu ya peke yake. Maana yake kwa aliyeuimba kila jioni mbele ya wageni ni ya mshahara na ya kuchoka, na hakuna aliyeinuka na noti kwenye mshororo wake kumwambia jirani neno. "Sina Makosa" ni kisa kingine. Ni dansi la gitaa, lakini anayekana kosa mbele za watu anajua fumbo, na haishangazi kwamba watu wa taarab waliupokea bila taabu.

Linabaki suala la kuwauliza wenyewe. Ukikaa barazani na mzee au bibi aliyekuwepo, usimuulize wimbo una maana gani kwake. Swali hilo litakupa jibu la adabu: ulikuwa wimbo mzuri, una mawaidha. Mchezeshee kaseti mpaka pale penye ziada, simamisha, kisha uliza: "Bibi, hapa aliinuka nani?" Atacheka kwanza. Akikujibu, usimrukie na kalamu; endelea kusikiliza, mwache aongeze mwenyewe, mengi atayasema wakati wimbo unaendelea kuliko ukiwa umesimama. Akisema hakumbuki huku anatazama pembeni, anakumbuka, na umefika mahali pa kuacha.

Kwa sababu hiyo orodha nitakayoiamini haitakuwa na majina ya watunzaji. Itakuwa na mshororo, mji, mwaka wa Hijra kama upo, ziada, na uhusiano kwa ujumla: mke mwenza, wakwe, ndugu wa mirathi, jirani. Miaka arobaini ni michache kwa ugomvi wa mji mdogo. Wajukuu wa pande mbili wanaswali msikiti mmoja, pengine wameoana, na kaseti moja iliyotangazwa na majina yake inaweza kuufungua upya ugomvi ambao mwimbaji aliumaliza kwa kurudia mshororo mara sita. Jina likisikika kwenye utepe, lifichwe kwenye nakala ya kusambaza kwa kushusha sauti sekunde hizo tu, na asili ibaki nzima kwa mwenye kaseti, ambaye ndiye wa kuamua nani mwingine aisikie.